Tuliivalisha Kamera Jaketi la Kuokolea Maisha

"Mudi! Mudi, mshike Kakuru!"

Nilipiga kelele mpaka koo likawaka.

Mchumba wangu alikuwa majini. Mbele yake, karibu kabisa, mkono wa mtu ulikuwa unachomoza na kuzama... unachomoza na kuzama...

Mudi anajua kuogelea. Tena sana!

Akampita.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, sikukosea kuona. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka, na macho yangu ni mazima. Alimpita Kakuru pembeni, wakatazamana, halafu akaendelea kupiga maji kulifuata begi la kamera lililokuwa linasukumwa na upepo.

Kamera!

Mtu anakufa, yeye anafuata kamera!

"Nenda!" nikamfokea. "Nenda kafe na bi mdogo wako!"

Aligeuza uso akanitazama. Mara moja tu. Kisha akaendelea.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mwanaume aliyekuwa anioe baada ya mfungo.

Sasa najua mshaanza kuulizana, bi mdogo ni nani? Tulieni.

Bi mdogo ni kamera.

Mimi naitwa Rukia, nina studio ya picha pale Omurushaka. Kama umeoa au kuolewa Karagwe miaka hii ya karibuni, kuna uwezekano mkubwa nimekupiga picha ukilishwa keki. Kihanga nimefika, Igurwa nimefika, huko kwenye matope ambako bodaboda wenyewe wanakataa kwenda, nimefika.

Kamera ile niliinunua kwa bangili za dhahabu alizoniachia bibi yangu, mwanamke wa Pangani aliyefuata biashara huku bara na hakurudi tena kwao. Mama alininunia mwezi mzima. Lakini nilikuwa najua ninachokifanya, kwa sababu kamera ile ndiyo iliyonifanya niitwe mpaka nje ya wilaya.

Mimi naongea na wateja na kuhariri. Mudi ndiye mpigaji.

Na alivyokuwa anaitunza, jamani! Anaifuta kwa kitambaa laini kuliko anavyojifuta uso wake. Kwenye gari anaipakata. Mvua ikinyesha anaivulia koti, yeye analowa.

Siku moja nikamtania, "Huyu bi mdogo umemuoa lini bila kunitaarifu?"

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia," akajibu, uso mkavu kabisa.

Jina likakaa hapohapo. Tulikuwa tunacheka wote, ila moyoni mwangu kulikuwa na kawivu kadogo ambako sikuwahi kumwambia.

Haya. Kazi ikaja kutoka Kyerwa.

Jamaa mmoja anaitwa Privatus alikuwa amefungua kambi ya watalii kando ya ziwa dogo, mbele kidogo ya Bugomora. Ameleta kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya plastiki ambavyo unakaa ndani umenyoosha miguu. Akataka video ya kutangaza kambi. Mimi nipige kasia nikitabasamu kama mtalii, Mudi anipige picha akiwa kwenye kayaki ya watu wawili, na nyuma yake akae mtu wa kumwendesha.

Mtu huyo ndiye Kakuru.

Kakuru ni mfugaji, jirani wa kambi. Ng'ombe wake ndio wanaokunywa maji pale, kwa hiyo anajua wapi viboko wanalala na wapi maji ni salama. Mtu mzima, mpole, mcheshi. Mkewe Kobugabe alitukaribisha na maziwa kabla hatujashuka ziwani.

"Shikamoo, kaka," nikamsalimia.

"Marahaba, waitu, mwenzetu. Wewe ndiye unayekuja kutuonyesha ulimwenguni?"

Tukacheka.

Kwenye kuvaa ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

"Majaketi ya kuokolea yapo mawili," akasema Privatus. "Mengine yapo njiani yanakuja."

"Sisi tuko watatu," Mudi akamwambia.

"Ziwa limetulia leo, kaka. Hamna shida."

Mudi hakubishana. Akachukua jaketi moja akanivalisha mimi, akanibana mikanda mpaka nikalalamika. La pili akampa Kakuru.

Kakuru akalitazama akacheka.

"Mimi? Mpe mwingine hilo. Mimi nimevuka mto Kagera na ng'ombe tangu sijaota ndevu!"

"Kuogelea unajua lakini, kaka?"

"Nakwambia nimevuka mto! Tena umejaa!"

Kobugabe naye akadakia, "Huyo mwache. Maji na yeye wamezoeana."

Mudi naye hakulitaka. Alikulia kwa mjomba wake Bukoba, ziwani ndiko alikoshinda utoto wake wote. Jaketi likabaki halina mtu.

"Basi mvalisheni huyo," Kakuru akasema, akionyesha begi la kamera. "Si ndiye mwenye thamani hapa?"

Tulicheka sana! Kakuru mwenyewe ndiye aliyelifunga lile jaketi kwenye begi, kwa kamba yake ya kufungia ndama. Akamwonyesha Mudi ncha ya kamba. "Ukivuta hapa linaachia lote."

Nikapiga picha kwa simu. Begi limevaa jaketi, Mudi amelikumbatia, meno yote nje.

Mtasikia tena habari za hiyo picha.

Tukaingia majini. Nisiwadanganye, kulikuwa kuzuri. Ng'ombe walikuwa wameshuka kunywa, mapembe marefu, na Kakuru akawa anawaita kwa majina kutoka kwenye maji.

"Bihogo! Bihogo wee!"

Ng'ombe mmoja mwekundu akainua kichwa akamtafuta.

"Rudia, kaka! Rudia hapohapo!" Mudi alikuwa amechanganyikiwa kwa furaha. Akapiga, akapiga, kisha akairudisha kamera kwenye begi ili tusogee kwenye mafunjo.

Hatukufika.

Sikumwona kiboko akija. Niliona tu kayaki yao inanyanyuka juu, kama mtu ameisukuma kwa bega kutoka chini, halafu ikageuka. Kishindo! Maji yakanipiga usoni, kayaki yangu ikazunguka.

Nilipofungua macho kiboko alikuwa amesimama kati yangu na kayaki yao iliyopinduka, anafoka.

Begi lilikuwa linaelea upande wa mafunjo. Mudi alikuwa anaogelea. Na Kakuru, yule aliyevuka mto Kagera tangu hajaota ndevu...

Kakuru alikuwa anazama.

Mengine mmeshayasoma pale juu.

Nilipomaliza kumfokea Mudi, kiboko akageukia kwangu. Nikapiga kasia kwa nguvu ambazo sijui nilizitoa wapi. Nilipopata ujasiri wa kutazama nyuma, pale alipokuwa Kakuru palikuwa na maji matupu. Mudi naye haonekani, nikajua ameshapotelea nyuma ya mafunjo na begi lake.

Nikafika nchi kavu nikiwa natambaa.

Watu walijaa haraka. Wavuvi wakaja na mitumbwi, na mwenyekiti wa kitongoji, mzee Mwesiga, akanishika mabega.

"Mwanangu, tulia. Wako wangapi majini?"

"Wawili."

"Walikuwa wapi mara ya mwisho?"

"Kakuru amezamia pale," nikaonyesha katikati ya ziwa.

"Na huyo mwenzako?"

"Mwacheni huyo!"

Mzee akanishangaa. "Tumwache vipi?"

"Amempita mwenzake anakufa akafuata kamera! Mwacheni na kamera yake! Mtafuteni Kakuru!"

Kobugabe alikuwa nyuma yangu. Alisikia kila neno. Alikaa chini pale kwenye matope akaanza kulia kwa Kinyambo, na kilio kile hata asiyejua lugha angekielewa.

Ndugu zake Kakuru wakasema hakuna mtumbwi hata mmoja utakaokwenda kumtafuta mtu wa namna ile. Wote wakaelekea katikati.

Mzee Mwesiga akaniuliza tena, taratibu, "Hata upande alioelekea hutuonyeshi?"

Nikageuza uso.

Halafu nikatoa simu.

Naam. Sasa wengi mmeshanijua mimi ni nani.

Niliweka ile picha, Mudi amekumbatia begi lililovaa jaketi, anacheka. Juu yake nikaandika: "HUYU AMEMWACHA BABA WA WATU AZAME AKAOKOA KAMERA. MTAZAMENI VIZURI."

Mlimtazama kweli! Kabla ya adhuhuri ilikuwa imefika Mwanza, Dodoma, mpaka Uarabuni. Mlimwita mnyama. Mliniandikia "pole dada, bora umemjua kabla ya ndoa." Niliwasoma wote, mmoja mmoja, huku nalia, na kila mliponiunga mkono nilijiona nipo sahihi zaidi.

Alasiri Mama Shufaa akapiga. Huyo ndiye mama yake Mudi, ana duka la sabuni na vitenge pale mjini kwetu.

"Rukia, Muhammad wangu yuko wapi?"

"Iulize kamera yake, mama."

"Nakuuliza wewe, mwanangu."

Nikakata simu.

Wavuvi walitafuta mpaka giza likawatoa majini. Hawakupata kitu.

Asubuhi yake ng'ombe wa Kakuru walipelekwa kunywa maji kama kawaida, kwa sababu ng'ombe hajui msiba. Wote wakanywa wakageuka. Mmoja akagoma. Yule Bihogo alisimama na maji magotini, ametazama mafunjo, analia. Akichapwa anarudi palepale.

Kobugabe akamtazama kwa muda. Kisha akapiga ukelele, "Amemsikia! Kakuru anamwita!"

Wapo waliodhani msiba umempanda kichwani. Mzee Mwesiga akaingia kwenye mtumbwi.

Walimkuta ndani kabisa ya mafunjo. Hai! Midomo imepasuka, sauti imekauka, anatetemeka mwili mzima. Na amevaa jaketi.

Jaketi la kamera.

Mkononi alikuwa ameng'ang'ania kitambaa. Walipovuta wakagundua ni pindo la shati. Na ndani ya shati alikuwemo Mudi.

Mudi alikuwa ameshakufa.

Jamani... hata sasa vidole vinakataa kuandika.

Walimfunika Kakuru mablanketi, wakampa maziwa ya moto. Nilimsogelea. Nilitaka kusikia na sikutaka kusikia.

"Kaka, si ulisema unajua kuogelea?"

Akatikisa kichwa. "Nilisema nimevuka mto. Sisi tunavuka tumeshika mkia wa ng'ombe. Ng'ombe anaogelea, wewe unashika tu. Maisha yangu yote sijawahi kuingia maji marefu bila ng'ombe. Wala sikuwahi kufikiri kwamba ni yeye aliyekuwa anajua, siyo mimi."

"Mudi... alipokupita..."

"Nilitaka kumshika. Akanikwepa akaniambia, 'Ukinishika hivi tutazama wote. Nafuata jaketi. Piga miguu, nakuja!'"

Nikakaa chini.

Alifuata jaketi.

Hakufuata kamera. Ziwa zima lile, kitu pekee cha kumwokolea mtu kilikuwa kimefungwa kwenye lile begi!

"Akarudi?" nikauliza, ingawa jibu lilikuwa mbele ya macho yangu.

"Nilikuwa nimeshazama. Akaninyanyua kwa nywele. Akavuta ile kamba, begi likaenda chini na kila kitu, wala hakulitazama. Akanivalisha. Nilikuwa bado namkumbatia kwa woga, akanipiga kofi, akageuka, akasema, 'Shika shati langu. Leo mimi ndiye ng'ombe wako.' Akanivuta mpaka kwenye mafunjo."

Kobugabe akamshika mkono mumewe.

"Hakuniambia kwamba kiboko amemuuma pajani. Nilijua baadaye, nilipoona maji yamebadilika rangi. Nikamfunga kwa mkanda wangu, lakini..."

"Mlikuwa mnasikia mitumbwi?" mzee Mwesiga akauliza, polepole, kama mtu asiyetaka kujibiwa.

"Mchana kutwa. Tuliita mpaka sauti zikaisha. Upepo ulikuwa unakuja kwetu, sisi tunawasikia, nyie hamtusikii. Mkawa mnazunguka kule katikati tu. Mimi nilikata tamaa. Yeye akawa ananituliza. Alisema, 'Rukia alituona. Ana hasira, lakini hasira zake hazikai. Atawaonyesha tulipo.'"

Wavuvi wote wakanitazama.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Alisubiri, ndugu zangu. Damu inamtoka, amesimama kwenye maji ya baridi, anamfariji mtu mwingine, huku ananisubiri mimi ninyooshe kidole. Na mimi kidole nilikuwa nacho. Nilikuwa nakitumia kuwajibu nyie kwenye simu.

Tulimzika Omurushaka. Msikiti ulijaa nusu tu, kwa sababu nusu nyingine ya mji ilikuwa imesoma posti yangu.

Baada ya maziko Kakuru alikuja, bado dhaifu, na Kobugabe pembeni yake. Walishusha ng'ombe kwenye gari mbele ya duka la Mama Shufaa. Kwa wafugaji wa huku, akikupa ng'ombe amekufanya ndugu. Siyo malipo, na ukiyaita malipo umemtukana.

"Nitamfuga wapi, baba?" Mama Shufaa akauliza. "Kwenye maboksi ya sabuni?"

"Atakaa kwangu. Maziwa ni yako, ndama ni wako. Na mimi ni wako."

Yule mama alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Akampokea kamba, akaishika kidogo, akamrudishia.

Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara. Sikuthubutu kuvuka.

Nilivuka siku nyingine, nikapiga magoti palepale mlangoni, wateja wanaona.

"Mama, nisamehe."

"Inuka. Unanizibia mlango."

Nikainuka.

"Kukusamehe bado," akasema, huku anapanga vitenge. "Usiniharakishe. Nikikusamehe utaona mwenyewe."

"Ile posti nimeifuta, mama."

Akaacha kupanga. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Jana kaja mteja, mgeni, hanijui. Ananunua sabuni, ananionyesha simu. 'Mama, umemwona huyu shetani wa Karagwe?' Ni picha ya mwanangu anacheka. Nikamwambia sijamwona. Nikampa chenji yake."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Muhammad wangu nimemzika, alhamdulillahi, kwa sanda safi. Lakini kuna Muhammad mwingine anatembea kwenye simu za watu, anawaacha watu wazame. Huyo sikumzaa mimi. Umemzaa wewe. Nenda kamzike."

Ndiyo maana mnaniona hapa leo.

Sikusema uongo siku ile. Nilisema nilichokiona kwa macho yangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo. Niliona kitu kikiwa katikati, nikakihukumu kama kimeisha. Ningemwambia mzee Mwesiga "wameelekea kule", maneno mawili tu, hata kwa hasira, hata kwa matusi, leo Mudi angekuwa ananichekea.

Wewe unayesoma, ukiona jambo limekukata moyo, litazame mpaka mwisho wake kabla hujashika simu. Na kama kuna mtu majini, onyesha alipo kwanza. Kama ni mbaya, ubaya wake utaujadili akiwa nchi kavu.

Anaitwa Muhammad. Aliitosa kamera ziwani bila kuitazama, akamvalisha mtu jaketi.

Mlioisambaza ile, naombeni mwisambaze na hii. Mkikutana na yule mwingine kwenye simu ya mtu, mwambieni mwenye simu ukweli, halafu mwombeni aifute.

Nisaidieni kumzika. Peke yangu simuwezi.